Tangi Lateremka Haneti

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au muuza maini alilifungia robo kilo kabla hujalisoma, usihangaike. Nitakupa kwa ufupi.

Ulimboka ni dereva wa Skania, mzaliwa wa Tukuyu, mkazi wa Dodoma, miaka arobaini na moja, mke hana. Shirika la umma alilolitumikia miaka kumi na mitatu lilimpunguza kazini pamoja na wenzake, likampa barua na mkono wa kwaheri. Lakini miaka hii ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye uwezo ameingiza lori lililokwishachoka Ulaya, na mmoja wao, Bwana Bashiri wa pale Dodoma mjini, alimchukua Ulimboka na kumkabidhi lori lenye trela la wazi, lile lisilo na kuta wala paa, sakafu tupu kama meza.

Tangu hapo mikosi haijamwacha. Tulimwona alivyodondosha makochi ya watu Kibaigwa. Tulimwona alivyopeleka Manyoni mabati ya Mpwapwa. Na tulimwona alivyompenda Anjelina, mtunza stoo wa mradi wa maji, mjane mwenye miwani na ulimi usiopepesa maneno, hata akawa anakwenda kuulizia mizigo siku za Jumapili, stoo ikiwa imefungwa.

Tulimwacha siku ya Jumatano, mwezi wa sita mwaka 1993, saa moja asubuhi, akitoka Dodoma kwenda Chemba. Mgongoni mwa trela kulikuwa na tangi la chuma la lita elfu kumi. Watu wa Chemba walikuwa wamechimba mtaro wa bomba kwa mikono yao miaka miwili, na Jumamosi ndiyo siku ya kufungua maji. Kwenye kiti cha pembeni, begi mapajani, alikaa Anjelina mwenyewe, aliyetumwa kwenda kukabidhi mzigo.

Na utingo je? Geofrey, mtu mzima mwenye watoto wanne, alipewa ruhusa ya ghafla kwenda Kongwa kumsalimia mama yake. Hakuwa ameiomba.

Haya, twende.

*

"Dereva," Anjelina alisema walipoipita Meia Meia, "hatusimami?"

"Tusimame tufanye nini, dada?"

"Tukaze minyororo. Karatasi niliyoitia sahihi inasema mzigo ukaguliwe baada ya kilomita ishirini. Tumekwenda hamsini."

Anjelina hakukosea. Kila anayeendesha trela la wazi anajua kwamba mzigo ukishafungwa bado haujatulia. Barabara ya vumbi inautikisa, unajikalia vizuri kwenye magogo yake, na ukishajikalia tu, mnyororo uliokuwa umekaza unalegea. Kwa hiyo unasimama, unashuka, unakaza, unaendelea. Somo hilo Ulimboka aliwafundisha wenzake kwa miaka kumi na mitatu, tena kwa ukali.

"Mzigo niliofunga mimi hauna tabia ya kulegea," alijibu.

"Makochi ya Kibaigwa alifunga nani?"

"Yale makochi. Makochi hayana adabu."

Anjelina akacheka. Ulimboka akakanyaga mafuta akijiona amepita.

"Na lile turubai uliloviringisha nyuma," Anjelina akarudi, "la nini?"

"La vumbi."

"Tangi la chuma, vumbi litalifanya nini?"

"Litafika chafu. Unataka likabidhiwe chafu?"

Mtu anayeulizwa maswali na mwanamke anayempenda huwa na majibu mengi, na yote ni mabaya. Ukweli ni kwamba Ulimboka hakutaka kushuka. Akishuka yeye, Anjelina naye angeshuka. Na Anjelina angeshuka, angelinyanyua lile turubai, maana ndivyo alivyo. Hata gunia la misumari hulifungua akaangalia kama ni misumari.

Wakafika Haneti, wakanywa chai. Ulimboka alikunywa ya kwake amesimama, kati ya Anjelina na trela. Wakaondoka.

Mbele kidogo ya Haneti kuna mteremko mfupi unaopinda kushoto. Lori tupu linaupita huku dereva akipiga mluzi. Ulimboka aliuingia akiwa katikati ya hadithi ya nyanya yake aliyewahi kumfukuza nyani kwa mwiko. Anjelina alikuwa anasikiliza, amemgeukia, ametabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko alivyotegemea.

Paa!

Hadithi ikakatikia hapo.

Paa ya pili. Kisha ukaja mkwaruzo mrefu wa chuma juu ya chuma. Kisha lori likawa jepesi.

Dereva akihisi lori limekuwa jepesi ghafla hana haja ya kuambiwa. Alitazama kioo cha pembeni, akaliona tangi la Chemba likishuka mgongoni mwa trela taratibu, kwa heshima zake, kama bibi harusi anayeteremshwa garini. Lilitua ukingoni mwa barabara. Likasita. Halafu likauona mteremko.

"Ulimboka!" Anjelina akapiga kelele. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, na wala haikuwa na raha yoyote.

*

Chini ya mteremko ule kulikuwa na shamba la mtama lililokwishavunwa. Wanawake watano au sita walikuwa wakipepeta karibu na vichanja, vile vitanda vya miti wanavyoanikia masuke. Waliposikia ngurumo walinyanyua vichwa, wakaona kitu kikubwa kuliko nyumba zao kikija kinaviringika, wakatupa nyungo na kukimbia, huyu huku, yule kule.

Tangi likapita juu ya uzio wa miiba kama halikuuona. Likapita juu ya kichanja cha kwanza. Likapita cha pili, miti ikaruka. Likagonga kichuguu kikubwa cha mchwa, likatoa mlio mmoja kama kengele ya kanisa, likatulia.

Ulimboka alikuwa amekwishasimamisha lori na kuruka. Alishuka ule mteremko kwa matako zaidi kuliko kwa miguu.

"Kuna aliyeumia?" alipiga kelele. "Jamani, kuna aliyeumia?"

Wanawake walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wakihema, wakitazamana. Mwenye shamba, mama mrefu wa miaka hamsini na kitu, jina lake Loisi, alikuwa anawahesabu kwa macho. Akafika mwisho. Akaanza tena.

"Brightness yuko kwa nani?" akauliza.

Wanawake wakaangaliana migongoni.

"Nasema mjukuu wangu yuko kwa nani?"

"Nilidhani umembeba wewe," mmoja alisema.

"Mimi nilidhani wewe."

Mtoto wa miaka mitatu. Walikuwa wamemlaza kivulini chini ya kichanja cha pili, juu ya kanga. Wote wakageuka kukitazama kichanja cha pili, na kichanja cha pili hakikuwapo. Lilikuwapo tangi. Na chini ya tangi, kwenye udongo, ilichomoza ncha ya kanga ya njano.

Msomaji, mpaka hapa nimekuwa nikimcheka Ulimboka, na wiki zote sita tumemcheka pamoja. Hapa sikumcheka, na hata yeye aliponisimulia alisimama akaenda kunywa maji.

Alipiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Udongo wa pale ni mgumu kama tofali, kucha zilivunjika, aliendelea. Anjelina alikuja akapiga magoti upande wa pili, akachimba naye, miwani ikamwanguka, hakuiokota. Loisi alikuwa amesimama tu, mikono kichwani.

Waliivuta ile kanga kidogo kidogo. Ikatoka yote.

Ilikuwa kanga tupu.

"Bibi," sauti ndogo ikasema, "lile ni nini?"

Brightness alikuwa amesimama nyuma ya kichuguu, uchi wa mnyama, mtama mbichi mdomoni hadi mashavuni. Aliamka zamani, akaona watu wazima wana kazi zao, akaenda zake kutafuta pa kulia mtama bila kugombezwa.

Bibi yake alimrukia, akamkumbatia, akampiga kofi la matako, akamkumbatia tena.

"Bibi," mtoto akasema akilia na kuonyesha kidole, "liambie lirudie."

Ulimboka alikaa chini palepale alipokuwa, mgongo kwenye tangi. Machozi yalimtoka mtu mzima yule, na hakuyafuta.

*

Walipokwisha kunywa maji, na Anjelina alipokwisha kuipata miwani, Loisi alimkabidhi mtoto kwa mwingine, akavuta kinu akakigeuza, akakikalia mbele ya Ulimboka.

"Mbukwenyi," alisalimia Kigogo, kama hawajaonana.

"Mbukwa, mama," Ulimboka alijibu. Kigogo chake chote kiliishia hapo.

"Tangi hili la nani?"

"La watu wa Chemba. La maji."

"Chemba hawana maji kama sisi. Hilo jambo zuri. Limefikaje shambani kwangu?"

"Barabara, mama. Barabara mbovu sana."

Loisi akaitazama barabara. "Barabara hiyo iko hapo tangu sijaolewa. Malori yanapita kila siku. Hakuna lililowahi kunitupia tangi."

"Basi mnyororo ulikatika."

Anjelina, ambaye alikuwa amepanda hadi kwenye trela na kurudi, aliweka mbele yao kitu alichokiokota. Ilikuwa kamba ya katani, nene kama kidole gumba, imekatika na kuchanua kama ufagio.

"Minyororo iko miwili, mizima, inaning'inia," alisema. "Nyuma ndiko kulikofungwa hii. Chini ya turubai."

"Kulikuwa na mbwa," Ulimboka alisema, na hata yeye alishangaa kujisikia. "Alikatiza. Nikakwepa."

"Mbwa wa rangi gani?" Loisi akauliza.

"Wa... mwekundu."

"Mbwa wa hapa wote nawajua. Mwekundu hayupo." Alisogea mbele. "Baba, sikiliza. Mimi nina maksai wanane. Bila maksai wangu tangi lako litakaa hapa mpaka kuku watagie humo. Nitakupa maksai. Lakini kwanza nataka kusikia kwa kinywa chako. Mzigo huu ulifunga au hukufunga?"

Ulimboka aliitazama mikono yake. Kucha tatu zilikuwa zinatoka damu. Akaitazama kanga ya njano.

"Sikufunga," alisema.

Wanawake wakasogea karibu.

"Yaani nilifunga nusu. Minyororo inatakiwa minne, miwili mbele, miwili nyuma. Nilikuwa nayo minne. Miwili nilimpa Silvano."

"Silvano ni nani?"

"Dereva mwenzangu. Ana lori la pili la Bwana Bashiri."

"Alikuomba?"

"Hapana. Nilimpa ili aniachie safari. Safari hii ya Chemba ilikuwa yake."

Loisi akawatazama wenzake, akamrudia. "Chemba kuna nini hata dereva ampe mwenzake minyororo ili aende yeye?"

"Chemba hakuna kitu, mama." Sauti ilikuwa inazama. "Kilichonivuta kilikuwa ndani ya gari."

Ilichukua muda mfupi. Kisha mwanamke mmoja akaangua kicheko, wa pili akamfuata, na punde shamba zima lilikuwa linacheka, wengine wameshika magoti. Wote walikuwa wanamtazama Anjelina.

Anjelina hakucheka. Alikuwa anaifuta miwani kwa ncha ya kitenge, akaifuta, akaifuta.

Loisi naye hakucheka.

"Na utingo wako? Malori yote yana utingo."

"Nilimpa ruhusa."

"Kwa sababu hiyohiyo?"

"Kwa sababu hiyohiyo."

"Na pale Haneti, malori yote yanaposimama kunywa chai, hukukagua?"

"Ningekagua, angeiona kamba."

"Kwa hiyo," Loisi alisema polepole, akihakikisha kila neno linafika, "mjukuu wangu alikuwa afe leo kwa sababu wewe ulitaka kukaa karibu na huyu mama wa miwani."

Kicheko kilikatika.

Ulimboka angeweza kusema mtoto hakufa. Angeweza kusema Mungu mkubwa. Maneno hayo yote yalimjia, akayaacha yapite.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Loisi akainuka, akakung'uta makapi kwenye nguo.

"Kwenu wapi?"

"Tukuyu."

"Ndiyo maana. Kwenu mvua inanyesha mpaka ndani ya sufuria, tangi unaliona mchezo." Akageuka kuwaita wenzake. "Leteni maksai! Chemba wanasubiri maji, hawasubiri maneno ya mtu huyu. Na wewe, ukishafikisha, utarudi hapa. Vichanja vyangu viwili utavijenga mwenyewe. Mtama ulioingia mchangani utaupepeta wewe, punje kwa punje, mimi nimekaa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sijakusamehe. Nimekupa maksai tu."

*

Kurudisha tangi juu ya trela ni kazi ya winchi, na winchi hawakuwa nayo. Lakini kulikuwa na korongo kavu pembeni mwa shamba, ambalo ukingo wake ulilingana na kimo cha trela. Ulimboka akaliingiza lori kinyumenyume korongoni, mwisho wa trela ukasogea ukingoni, akapanga magogo yawe daraja. Kamba mbili zikazungushwa tumboni mwa tangi, ncha zikavutwa hadi ng'ambo ya korongo kwa maksai. Maksai wakivuta kule, tangi linaviringika huku.

"Pole pole!" Ulimboka alikuwa anaita. "Pole pole! Kabari! Weka kabari!"

Kila tangi liliposogea shubiri moja, mwanamke mmoja alisukumia kipande cha mti chini yake lisirudi nyuma. Hapo ndipo Ulimboka aliporudi kuwa yule dereva wa zamani. Hakuna aliyemcheka kwa saa nzima. Aliona mahali uzito unapotaka kwenda kabla haujaenda, akauzuia, akauruhusu, akauzuia. Tangi likapanda, likazungushwa kwa miti hadi likalala kwa urefu wa trela, likakaa juu ya magogo yake kana kwamba halijawahi kuondoka.

Lakini ubavuni lilikuwa na bonde. Kichuguu kilikuwa kimelibonyeza, shimo la kulaza mbuzi.

"Sasa minyororo," Anjelina alisema.

Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu alipoileta ile kamba. Loisi alileta minyororo miwili ya plau, ile inayokokotwa na maksai, akasema inaazimwa tu na itarudi pamoja na mpepetaji. Anjelina alikunja mikono ya blauzi.

"Nitafunga mimi," alisema. "Wewe utaniambia, mimi nitafunga."

"Dada, ni kazi ngumu..."

"Niambie."

Basi akamwambia. Mnyororo unapita wapi, ndoano inatazama wapi, chuma cha kukazia kinavutwa kuelekea chini na siyo juu, maana kikifyatuka kwenda juu kitaondoka na meno yako. Anjelina alivuta huku miwani imemteleza hadi puani. Alipomaliza alikuwa na grisi mpaka shingoni. Alipiga kila mnyororo kwa nyundo akisikiliza mlio. Wa nne ulilia vibaya, akaufungua wote, akaufunga upya.

Ulimboka alisimama akimtazama, na hakupata neno lolote la kuchekesha.

*

Waliondoka saa nane mchana. Baada ya kilomita tano Anjelina alisema, "Simama." Wakashuka, wakakaza. Baada ya kumi, "Simama." Wakakaza. Mara ya nne Ulimboka alisimama kabla hajaambiwa.

Katikati ya vituo hivyo hadithi ya nyanya na nyani ilibaki ilipokatikia.

"Safari hii haikuwa ya Silvano," Anjelina alisema ghafla, macho barabarani.

"Nini?"

"Haikuwa yake. Wiki iliyopita niliandika barua kwa Bwana Bashiri nikaomba dereva awe wewe. Akakubali. Ratiba ilibandikwa ofisini Jumatatu asubuhi."

Ulimboka aliuma midomo akipiga hesabu.

"Minyororo nilimpa Jumatatu jioni."

"Basi alikuwa ameshaisoma."

"Lakini alijifanya kukataa! Alisema Chemba ana shangazi yake, mgonjwa, lazima aende! Nilimbembeleza nusu saa!"

"Pole."

"Nilimpa na tochi juu!"

Kwa mara ya kwanza tangu Haneti bega la Anjelina lilitikisika. Aligeukia dirishani asionekane. Ulimboka aliliona bega lile, na moyo wake ukapanda kidogo, kama tangi juu ya magogo.

"Anjelina," alisema, "kwa nini uliomba niwe mimi?"

"Niliambiwa hakuna mtu Dodoma nzima anayejua kufunga mzigo kama wewe."

Moyo ukarudi chini.

Walikwenda kilomita nyingine mbili.

"Na sababu ya pili," Anjelina akasema, "nilikuwa nayo asubuhi. Sasa hivi sijui nimeiweka wapi. Nikiiona nitakwambia."

*

Chemba walifika jua likiwa bado lipo. Watu walikuwa wametandaa barabarani, vigelegele vilianza lori likiwa mbali. Wazee walisimama pale lilipojengwa jukwaa la zege la kuwekea tangi. Mama mmoja alikuja akaligusa tangi kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa, akatabasamu.

Mhandisi wa mradi, Bwana Wambura, mtu wa Musoma, mnyoofu kama rula yake, hakupiga kigelegele. Alilizunguka lori mara moja. Alisimama kwenye lile bonde. Alipiga kwa kidole. Alitoa daftari.

"Kesho tutalijaza maji tuone kama linavuja," alisema. "Likivuja, Jumamosi hakuna ufunguzi. Lakini taarifa ninaiandika sasa. Mzigo haubonyei wenyewe. Nani alifunga?"

Ulimboka alivuta pumzi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kituo cha tatu.

"Mimi," alisema Anjelina.

Ulimboka akageuka.

Anjelina alikuwa amesimama wima, grisi shingoni, mikono imechubuka kwa mnyororo. "Mimi ndiye niliyefunga mzigo huu, Mhandisi. Unaweza kuwauliza Haneti, walinishuhudia. Na karatasi ya ukaguzi ina sahihi yangu."

Hakudanganya hata neno moja. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo ubaya wake.

"Mama Anjelina," Wambura alisema kwa huzuni ya kweli, "unajua maana yake nikiandika hivyo? Stoo utaiacha."

"Najua. Andika."

Kalamu ikaanza kutembea. Ulimboka aliona herufi ya A, akaona N. Pembeni vigelegele vilikuwa bado vinapigwa. Hakuna hapo aliyejua lolote. Tangi lipo, dereva yupo, mwenye kosa amepatikana. Kesho angeweza kurudi Dodoma na kazi yake mkononi, na huenda hata na ile sababu ya pili ikiwa imeonekana.

"Futa," alisema.

Anjelina akamkanyaga mguu.

"Nifute nini?" Mhandisi akauliza.

"Hilo jina. Andika la kwangu." Anjelina akaukanyaga tena, kwa kisigino, naye akauacha mguu ukanyagwe. "Andika minyororo ilikuwa miwili, na kamba mbili za katani. Andika sikukagua njiani. Na uandike kwamba pale lilipoangukia palikuwa na mtoto."

Wambura alinyanyua uso. Kalamu ilibaki hewani. Yule mama aliyekuwa ameweka kiganja kwenye tangi akakiondoa, na wale waliosimama karibu wakanyamaza, na kimya kikasambaa nyuma yao mtu kwa mtu hadi kigelegele cha mwisho kikakatika.

"Mtoto gani?" Mhandisi akauliza.